Yaya wa Olivier

Mama Hortense aliuza masufuria katika soko kuu la Bunia, mashariki mwa Kongo. Kila Jumapili baada ya ibada alisukuma bidhaa zake ukutani, akatandika mikeka katikati ya marundo ya sahani, na chama chao kikakaa hapo. Hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na yeye, prezida wake, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo. Kilikuwa na Papa Hippolyte, mshonaji aliyekimbia kijiji cha Bule na familia yake nzima. Na watu wengine wachache wa makanisa tofauti, wote wa kujitolea. Kazi yao ilikuwa kuwatafutia familia watoto walioteremka kutoka vijiji vya Djugu bila wazazi. Wengine walikaa na familia hizo mpaka ndugu wa damu wapatikane. Wengine, ambao ndugu hawakupatikana, walifanywa watoto wa nyumba mbele ya mahakama.

Vita vimekwisha, watu walisema, lakini walisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema mtoto mgonjwa amepata usingizi. Wiki hii barabara ilifunguliwa, wiki ijayo moshi ulionekana tena upande wa vilima, na kesho yake ua wa kanisa ukajaa watu na magodoro.

Ndivyo walivyofika Espérance na Olivier. Espérance alikuwa na miaka kumi na mitano. Olivier, mdogo wake, alikuwa hajafikisha minne, na alifika akiwa amefungwa mgongoni kwa kitenge cha mama yao, ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe. Wazazi wao walikuwa wamekufa wote wawili. Papa Hippolyte alimfahamu babu yao tangu Bule, akawachukua nyumbani kwake. Kwa muda tu, alisema, na muda ukawa mwaka. Espérance hakuwa msichana wa maneno mengi. Aliosha vyombo kabla ya kuambiwa, akajifunza kutia vifungo na kunyoosha nguo kwa pasi ya makaa. Popote alipokaa, Olivier alikaa akimwegemea, kama vile mwili wa dada yake ulikuwa kiti.

Mwaka huohuo Fiacre na mkewe Émilienne waliingia dukani kwa Hortense. Fiacre aliuza mabati na simenti. Émilienne alifundisha shule ya msingi. Walikuwa wameoana zamani bila kupata mtoto, na walikuwa wamechoka na madaktari, na maombi ya kufunga, na shangazi wenye ushauri. Jumapili moja kabla ya hapo Émilienne aliinama kanisani kumfunga Olivier kamba za viatu, na mtoto, ili asianguke, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mama huyo. Émilienne hakusikia tena mahubiri.

"Ule mutoto tunamutaka," Fiacre alisema. "Si kwa muda. Awe wetu kabisa, mbele ya juje wa mahakama."

"Iko na yaya yake," Hortense alijibu. Huko Bunia yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume.

Fiacre aliyatazama masufuria. "Mama, sitakuficha. Ule mukubwa tutashindwa naye. Msichana wa miaka ile iko na kichwa yake tayari. Anakumbuka kila kitu. Mudogo hataniita papa kama yeye iko pale anamuangalia."

Émilienne alikuwa akipapasa mfuniko wa sufuria, hakutia neno. Miaka baadaye alikuwa akisema kwamba ukimya ule wa siku ile ulimuuma kuliko maneno yote aliyowahi kuyasema vibaya.

Jumapili iliyofuata chama kilijadili. Papa Hippolyte ndiye aliyetarajiwa kukataa, naye ndiye aliyekubali kwanza. "Kwangu watoto wanalala kama samaki mu karai," alisema. "Nikimuzuilia huyu nyumba ya muzuri, nitamuzuilia juu ya nini? Juu ya huruma yangu?" Hakuna aliyempinga. Hortense naye, tuseme kweli, alifurahi. Familia za kulea kwa muda walikuwa wamezipata. Familia ya kumchukua mtoto moja kwa moja, kwa jina na kwa urithi, ilikuwa kitu adimu.

Akaenda yeye mwenyewe kuzungumza na Espérance. Alimkuta barazani akipuliza makaa ya pasi.

"Kuna famiye inataka kumulea Olivier," alisema. "Ni watu wazuri. Mama ni mwalimu."

"Atasoma?"

"Atasoma."

"Atakula kila siku?"

"Kila siku."

"Na mi?"

Hortense alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi, na bado lilimkuta mikono mitupu. "Weye utabaki kwanza hapa kwa Papa Hippolyte. Siye tutaendelea kukutafutia."

Espérance alipitisha pasi juu ya kola ya shati, akairudia, akairudia tena. "Kama atasoma, aende."

"Na moyo yako inasema nini, binti?"

"Mama, nimesema aende."

Mbele ya mahakama ya watoto juje alimuuliza msichana kama amekubali bila kulazimishwa. Alijibu ndiyo, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, na watu wa chama wakatikisa vichwa: msichana mwenye akili. Siku ya kumkabidhi mtoto, Espérance alimwogesha, akampaka mafuta, akamshika mkono mpaka getini kwa Fiacre. Pale alimweleza Émilienne mambo machache.

"Haogopi giza. Anaogopa watu wakikimbia. Akilia, usimuambie anyamaze. Umuulize, 'Nani alikula ndizi yako?' Atacheka."

Kisha akaachia mkono, akaondoka bila kugeuka. Fiacre alikuwa ameomba asije kuonekana pale kwanza, mpaka mtoto azoee, na Hortense alikuwa ameitikia.

Mvua za msimu ule hazikuwa zimekatika bado wakati Papa Hippolyte alipofika dukani, kofia mkononi.

"Espérance ameenda."

"Wapi?"

"Tchomia. Amefuata wamama wanaokausha samaki. Ameaga muzuri muke wangu, ameosha sahani zote, amekunja mukeka yake. Hakuna alichochukua." Alikaa juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa. "Prezida, hakuna mutu alimufukuza. Lakini kwangu alikuwa kama mutu anangojea gari tu."

Hortense alijiambia kwamba wasichana wengi wa umri ule wanafanya kazi ziwani. Alijiambia pia kwamba angalau mmoja ameokoka vizuri. Maneno hayo yalimtosha hadi siku Émilienne alipoingia dukani amembeba Olivier, akamweka chini, akatoa mkobani kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na vipande vya bugali vilivyokauka kama udongo, vipande vya mkate, mguu wa kuku wenye ukungu.

"Nimekuta chini ya kitanda yake," alisema. "Kila akikula, nusu anaficha mu shati. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema, 'Ya yaya.' Ni neno ya mwisho alisema. Tangu pale hasemi kitu. Si kwangu, si ku shule, si kwa Fiacre."

Hortense alimtazama mtoto. Alikuwa amenenepa. Viatu vyake vilikuwa vipya. Alisimama kati ya masufuria akitazama mlango, na kila msichana aliyepita nje alimfuata kwa macho mpaka apotee.

"Nilimuuliza ile ya ndizi," Émilienne aliendelea. "Hakucheka. Alilia mpaka akatapika. Ile maneno haikuwa yangu, mama. Haikuwa yangu kuisema." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mulinipa mutoto, lakini mama yake mulimuacha inje. Na mi nilifunga geti."

"Si weye peke yako," Hortense alisema. "Geti ile tulifunga wote."

Jioni ile alimwita Papa Hippolyte. Wakakubaliana kwamba Hortense na Émilienne waende Tchomia, kwanza bila mtoto, wasije wakamwonjesha kitu wasichoweza kumpa. Fiacre aliambiwa. Hakuwazuia. Alisema tu, "Mukimuleta, mimi nitakuwa nani mule ndani?" akaenda kupanga mabati yake.

Waliondoka asubuhi kwa gari la wachuuzi wa samaki. Barabara ilipita vizuizi vya askari, na kila kizuizi watu walinyamaza mpaka gari lisonge tena. Kando ya njia kulikuwa na kuta za nyumba zisizo na mapaa, majani yameota sebuleni. Kisha njia ikaanza kuteremka vilima, joto likapanda, na ziwa likaonekana chini, jeupe kama bati.

Hawakumtafuta sana. Mwanamke mmoja aliwaonyesha tanuri za kukaushia samaki, na pale, katikati ya moshi, Espérance alikuwa akigeuza samaki kwa mikono. Macho yake yalikuwa mekundu. Vidole vilikuwa vimechanwachanwa na magamba na miiba. Alipowaona, kitu cha kwanza alichofanya ni kushika kifua.

"Olivier amekufa?"

"Hapana! Hapana, binti," Émilienne alisema haraka. "Iko muzima."

Espérance alichuchumaa, kichwa chini. Alipoinuka uso wake ulikuwa umefungwa tena. "Basi mumekuja kufanya nini?"

Émilienne akamweleza yote: kitambaa cha chakula, ukimya, macho ya mlangoni. Akamwomba aje wakae wote nyumba moja.

"Nikae kama nani?" Espérance aliuliza. "Kama boyi wa kuosha mutoto?"

"Kama mutoto wa nyumba."

"Mama, mulikuja kuchagua. Mulichagua. Siku mulikuja kwa Papa Hippolyte mi nilikuwa kwa baraza, nilisikia bwana yako akimuambia, 'Mukubwa hapana.' Sikukasirika. Lakini neno ikiingia kwa sikio haitokaki." Akageuza samaki mwingine. "Hapa hakuna mutu ananitaka, hakuna mutu ananikataa. Nafanya kazi, nalala."

Hortense alikuwa amesimama kando, moshi ukimchoma. Alikuwa amezoea kusema na familia, na askari, na maofisa. Maneno hayakuwa yakimpungukia. Sasa alisogea, akachuchumaa upande wa pili wa tanuri ili wawe uso kwa uso.

"Siku ile nilikuuliza kama unakubali," alisema. "Nilikuuliza swali ya jibu moja tu. Ungesema hapana, ungekuwa umemunyima mudogo wako masomo. Mi nilijua hivyo, na nikakuuliza hata hivyo, na nikaita ile kukubali. Unisamehe, Espérance. Si weye ulikosa kutafutiwa famiye. Siye tulikuhesabu kama umeshakuwa mukubwa, juu ilikuwa rahisi kwetu."

Machozi yalimtoka msichana, huenda ya moshi, huenda siyo, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na magamba.

"Siendi nanyi leo," alisema mwishowe. Akachagua samaki wazuri, akawafunga kwenye jani la mgomba, akamkabidhi Émilienne. "Mumupe. Mumuambie yaya yake iko."

"Samaki nitamupa," Émilienne alisema. "Maneno utamuambia weye. Tutamuleta."

Walirudi Bunia, na Émilienne akamsimulia mumewe kila neno, hata lile la barazani. Fiacre alisikiliza akiwa amesimama. Mkewe alipofika kwenye "Mukubwa hapana", Fiacre alikaa chini. Hakujua kwamba msichana alisikia. Mtu mwingine angeanza kujitetea. Yeye alibaki akilirudia midomoni bila sauti. Jumamosi aliazima gari la rafiki yake mfanyabiashara, akalipeleka mwenyewe Tchomia, mkewe pembeni, Hortense nyuma na Olivier mapajani.

Mtu angedhani mtoto atakimbia kumrukia dada yake. Haikuwa hivyo. Alishushwa, akamwona, akasimama kabisa. Espérance alipiga magoti mchangani, akafungua mikono, na mtoto akamwendea polepole, akakunja ngumi, akaanza kumpiga: kifuani, mabegani, usoni. Espérance hakujikinga. Émilienne alitaka kwenda, Hortense akamshika mkono.

"Ulienda wapi?" mtoto alipiga kelele. "Ulienda wapi? Ulienda wapi?"

Alisema kwa lugha ya kwao ya kijijini, ambayo Fiacre hakuielewa. Lakini aliielewa sauti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti ya mtoto wake ikipanda hivyo, na ndipo alipotambua kwamba mtoto huyo alikuwa na sauti kubwa, yenye nguvu, na kwamba ndani ya nyumba yake nzuri sauti hiyo ilikuwa imezimika.

Ngumi zilipochoka, Olivier alilala begani mwa dada yake. Wakakaa wote kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Fiacre alizunguka kidogo, akarudi, akavua kofia.

"Binti," alisema, "yale maneno ulisikia, ni mimi nilisema. Niliogopa. Niliwaza mutoto iko na pendo kidogo, na kama weye unakula yote, mi sitapata." Alizungusha kofia mkononi. "Nilikuwa mujinga."

Espérance aligusa kiatu cha Olivier. "Mulimununulia viatu vizuri," alisema.

Hakurudi nao siku ile pia. Wanawake aliofanya nao kazi walikuwa wamempokea vizuri, na hakutaka kuwatoroka. Lakini kila Jumamosi barabara iliporuhusu Fiacre alimpeleka Olivier ziwani, na barabara ilipofungwa walizungumza kwa simu, mtoto akiishika simu kwa mikono miwili na kueleza kila alichokula. Alianza kusema na Émilienne pia. Kwanza alisema juu ya samaki.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Espérance alipanda hadi Bunia na begi moja, akaenda kwanza dukani kwa Hortense. Alikuwa na masharti, na alitaka prezida awe shahidi. Hatafanywa mtoto mbele ya juje. Jina la baba yake atabaki nalo. Hataitwa mtumishi, wala hatatambulishwa kwa wageni kama "msichana tuliyemsaidia." Na akitaka kuondoka, ataondoka mchana, kwa kuaga.

Fiacre na Émilienne walikubali yote. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Espérance aliamka kabla ya wote akafagia ua, na Émilienne akamnyang'anya fagio, na wakagombana juu ya fagio kama watu wanaogombana juu ya jambo kubwa, maana lilikuwa kubwa. Darasani aliketi na watoto wadogo kwake, akaona haya. Mara moja alifunga begi. Émilienne hakumzuia; aliketi kwenye ngazi na kumwambia kwamba chakula cha jioni ni sombe ya majani ya muhogo, na kumuuliza kama ataondoka baada ya kula au kabla. Espérance aliondoka wiki kadhaa baadaye, kwenda tu kuwaona wanawake wa Tchomia, akarudi.

Hakuwahi kumwita Fiacre "papa" peke yake. Alimwita "Papa Olivier," kama mtu yeyote wa Bunia anavyomwita mwanamume kwa jina la mtoto wake. Siku ya kwanza alipoita hivyo, mbele ya wateja, kumuuliza ufunguo wa ghala, Fiacre alimpa ufunguo, akaingia nyuma ya mabati, akakaa huko mpaka mteja mmoja akauliza kama duka limefungwa.

Chama kilibadilika kwa sababu yao. Hortense aliweka kanuni: ndugu waliofika pamoja hawatatenganishwa, na hakuna mtoto mkubwa atakayeulizwa swali la jibu moja. Kanuni hiyo iliwapunguzia familia. Mwaka uliofuata watu kadhaa walikuja, wakasikia, wakaenda zao, na Hortense alikuwa akibaki na wasiwasi, maana watoto wale walikuwa bado wakilala kanisani na kanuni haiwi blanketi. Papa Hippolyte alimuuliza siku moja kama wana hakika. Alijibu kwamba hana hakika, lakini ameshaona ngumi za Olivier.

Fiacre naye aliingia katika chama. Hakuwa mzungumzaji. Jumapili moja walikuja mume na mke waliotoka Beni, watu wa heshima, wakamtaka mdogo katika ndugu watatu waliotoka karibu na Bambu. Hortense aliwaeleza kanuni. Mume alisema wanashukuru, wataomba Mungu, wakachukua mwavuli wao wakatoka.

Fiacre alivaa viatu vyake akawafuata. Kutoka dukani Hortense aliwaona wakisimama kando ya wauza vitenge, mume akitikisa kichwa, Fiacre akisema kidogo, akinyamaza, akisema tena. Mvua ikaanza. Hawakuondoka, mwanamke alifungua mwavuli, na wote watatu wakajibana chini yake.

Wiki iliyofuata wale wawili walirudi. Walitaka kuwaona watoto wote watatu. Kuwaona tu, walisema.